Samaki Hukunjwa, Havunjwi: Funzo la Emil Zátopek

Miongoni mwa methali zinazopendwa sana na walimu wa michezo katika shule zetu ni ile isemayo samaki mkunje angali mbichi. Methali yenyewe haina ila. Wahenga waliotuachia walikusudia malezi: kwamba mtoto hufunzwa adabu, kazi na mwenendo mwema kabla hajawa mgumu wa kukunjika. Kosa huingia pale methali ya kulea tabia inapogeuzwa kuwa kanuni ya kulea mifupa.

Mwaka jana nilialikwa na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu katika shule moja ya upili, nikazungumze na wanafunzi wake juu ya isimu ya Kiswahili. Baada ya mazungumzo nilimwona msichana wa umri wa miaka 15 hivi akishuka ngazi kwa kuchechemea. Niliambiwa kuwa huyo ndiye mwanariadha bora wa shule; kwamba hukimbia alfajiri na jioni, zaidi ya kilomita 100 kwa wiki; na kwamba maumivu ya muundi yalimwanza tangu muhula uliotangulia. Nilipouliza ni kwa nini hapumzishwi, mwalimu wa michezo alinijibu kwa methali hiyo ya samaki. Kisha akaniongezea jina la Emil Zátopek, ambaye amesikia kwamba alikuwa akizunguka uwanja mara 100 kwa siku moja.

Jibu hilo halijanitoka akilini hadi leo. Ndilo lililonifanya niyapitie upya maisha ya Zátopek, na nimeona ni vyema niwasimulie walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, kwani habari za mtu huyo zikisimuliwa nusu huwa ni hatari kwa watoto wetu.

Emil Zátopek alizaliwa tarehe 19 Septemba 1922 katika mji mdogo wa Kopřivnice, huko Moravia, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia kabla ya kugawanyika mwaka wa 1993. Wazazi wake walikuwa watu wa kawaida wenye watoto wengi na kipato haba. Utotoni hapakuwa na kocha aliyemfuata kwa saa mkononi, wala hapakuwa na mtu aliyemtabiria kwamba siku moja dunia ingelijua jina lake. Alicheza kama watoto wengine walivyocheza, akasoma, na alipofika umri wa miaka 16 akaenda kutafuta riziki katika kiwanda cha viatu cha Bata mjini Zlín. Jina la Bata si geni kwetu. Kampuni hiyo, iliyo na kiwanda kule Limuru, imewavisha viatu vya shule watoto wa Kenya wa vizazi kadhaa.

Mwaka wa 1941, nchi yake ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, paliandaliwa mashindano ya mbio mjini Zlín. Kocha wa kiwanda aliwateua vijana wanne washiriki, na Zátopek akawa mmoja wao. Yeye hakutaka. Alijitetea kwamba alikuwa dhaifu na kwamba mwili wake haukufaa kwa mbio. Alipelekwa kwa daktari, akapimwa, akaonekana hana ugonjwa wowote. Basi akaingia mashindanoni shingo upande, na kati ya washindani 100 akatoka wa pili. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 18.

Naomba msomaji autie akilini umri huo. Mtu ambaye baadaye alifanya mazoezi mengi kuliko wakimbiaji wengine wa zama zake alianza kukimbia kwa nia akiwa ameukaribia utu uzima. Katika miaka ile ambayo mifupa ya mwanadamu hurefuka kwa kasi, Zátopek hakuwa mwanariadha hata kidogo.

Baada ya siku hiyo alijiunga na chama cha riadha cha mji ule. Hakuwa na mkufunzi mashuhuri wa kumwelekeza, kwa hivyo alijiundia njia yake mwenyewe, akichota mengi katika yale aliyoyasikia juu ya Paavo Nurmi, mkimbiaji mkuu wa Ufini wa miaka ya ishirini. Kufikia mwaka wa 1944 alikuwa amevunja rekodi za nchi yake katika mita 2,000, mita 3,000 na mita 5,000. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945 alijiunga na jeshi, na huko alizoea kukimbia usiku, katika theluji, miguuni akiwa amevaa buti za askari. Katika mashindano ya Ulaya ya mwaka wa 1946 mjini Oslo alimaliza wa tano katika mita 5,000. Hapo alikuwa na umri wa miaka 23, na wakati wake ulikuwa bado.

Wakati huo ulifika mwaka wa 1948 katika Michezo ya Olimpiki mjini London. Zátopek, mwenye umri wa miaka 25, alishinda dhahabu katika mita 10,000, kisha akapata fedha katika mita 5,000 nyuma ya Gaston Reiff wa Ubelgiji. Watazamaji walimshangaa kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa kasi yake. La pili lilikuwa namna alivyokimbia: kichwa kikiyumba huku na huko, uso umekunjamana, mabega yamepanda, mfano wa mtu aliyeshikwa na maumivu makali. Aliyemwona mara ya kwanza alidhani angeanguka baada ya mzunguko mmoja. Hakuanguka.

Siri yake ilikuwa katika mazoezi. Wakimbiaji wengi wa wakati ule walikimbia masafa kwa mwendo mmoja. Zátopek aliyakata masafa vipande vipande. Mwishoni mwa miaka ya arubaini ratiba yake ilikuwa kukimbia mita 200 mara 5, mita 400 mara 20, na mita 200 tena mara 5, na baina ya vipande hivyo alikwenda kwa mwendo wa polepole ili apate pumzi. Miaka ilivyosonga aliongeza idadi: mita 400 mara 40, mara 60, na hatimaye, katika miaka ya hamsini, kuna siku alizofikia mara 100. Huo ndio mzigo wa kilomita 40 kwa siku ambao mwalimu yule alikuwa amesikia habari zake. Alichokuwa hajakisikia ni kwamba Zátopek aliufikia akiwa mtu mzima aliyepita umri wa miaka 30, na kwamba alikuwa ameupanda mlima huo hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka 10.

Matunda yake yalionekana wazi. Tarehe 29 Septemba 1951 alikuwa mtu wa kwanza kukimbia zaidi ya kilomita 20 katika muda wa saa moja. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alifanya jambo ambalo hadi leo hakuna aliyelirudia: katika muda wa siku 8 alishinda dhahabu katika mita 10,000, katika mita 5,000, na katika marathoni. Marathoni hiyo ilikuwa ya kwanza kwake maishani. Alikuwa na umri wa miaka 29. Siku aliyoshinda mita 5,000, mkewe Dana, ambaye walizaliwa tarehe moja ya mwaka mmoja, alishinda dhahabu katika kurusha mkuki. Mnamo 1954, mjini Brussels, Zátopek alikuwa mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29. Alitumia dakika 28 na sekunde 54.2. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31.

Hata hivyo mwili ni mwili, nao una daftari lake la madeni. Kabla ya Michezo ya Melbourne ya mwaka wa 1956, Zátopek aliumia katika mazoezi aliyokuwa akiyafanya huku amembeba mkewe, akapata ngiri, ikabidi apasuliwe. Wiki chache baadaye alisimama kwenye mstari wa marathoni, akamaliza wa sita. Mshindi alikuwa Alain Mimoun wa Ufaransa, ambaye alikuwa amemfuata Zátopek wa pili mara kadhaa. Michezo hiyo ya Melbourne inatuhusu pia sisi, kwani ndiyo ya kwanza ambayo Kenya ilishiriki, na humo Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba katika mita 5,000. Naam, siku ambazo jua la Zátopek lilikuwa likitua ndizo ambazo la Kenya lilikuwa likichomoza.

Zátopek alistaafu muda mfupi baadaye. Maisha yake ya baada ya riadha hayakuwa mepesi. Mwaka wa 1968 aliwaunga mkono waliotaka mageuzi nchini mwake, na majeshi ya kigeni yalipoivamia Chekoslovakia mwezi wa Agosti alisimama hadharani kuyapinga. Aliadhibiwa kwa kufukuzwa chamani na jeshini, na kwa miaka kadhaa bingwa huyu wa Olimpiki alifanya kazi ngumu ya mikono mbali na nyumbani. Baadaye aliruhusiwa kurudi Prague, akapewa kazi ya ofisini ambako ujuzi wake wa lugha nyingi za kigeni ulimfaa. Mimi kama mtu wa lugha siwezi kukosa kulitaja hilo. Alirudishiwa heshima yake mwaka wa 1990, utawala wa zamani ulipokwisha kuanguka, akafariki dunia mwezi wa Novemba 2000 akiwa na umri wa miaka 78.

Hayo ndiyo maisha ya mtu ambaye jina lake linatumiwa kumhalalishia msichana wa miaka 15 kilomita 100 kwa wiki. Sharti nikiri kwamba maisha ya mtu mmoja si ushahidi wa kisayansi. Kuna walioanza mapema wakafika mbali. Lakini sababu za kuwahurumia vijana hazitokani na Zátopek peke yake. Zinatokana na maumbile yenyewe, na madaktari wa michezo wamezieleza vya kutosha.

Mfupa mrefu wa mtoto haurefuki katikati. Hurefukia karibu na ncha zake, penye tabaka la gegedu ambalo bado halijawa mfupa kamili. Tabaka hilo ni laini, na katika miaka ya kubaleghe, kijana anaporefuka ghafla, huwa ndilo sehemu dhaifu kuliko kano zinazolivuta. Ndiyo maana kijana anayekimbia mno huumwa chini kidogo ya goti, au nyuma ya kisigino, mahali kano zinaposhikamana na mfupa unaokua. Kwa wasichana wengi tabaka hizo hufunga mapema kuliko kwa wavulana, ambao baadhi yao huendelea kukua hadi miaka 17 au 18.

Tena kuna nyufa. Kila unyayo unapogusa chini katika mbio, mguu hupokea uzito unaozidi uzito wa mwili mara 2 au 3. Kilomita moja yaweza kumgharimu kijana hatua zipatazo 1,000. Basi kilomita 100 kwa wiki ni hatua 100,000 hivi. Mfupa ni kiungo hai. Unapopata msukosuko kidogo hujijenga upya ukawa imara zaidi, lakini ujenzi huo unahitaji muda. Mwanariadha asipopumzika, ubomoaji huushinda ujenzi, na ufa mdogo hutokea, aghalabu katika muundi au katika mifupa ya wayo. Mwanzoni huwa ni maumivu yanayokuja na kuondoka. Kijana hujikaza kwa kuogopa kuitwa mvivu, na kocha huyaita maumivu ya kawaida, mpaka siku ufa unapokuwa mvunjiko.

Kwa wasichana liko jambo la tatu, ambalo walimu wengi wa kiume huona haya kulizungumza. Msichana anayekimbia masafa marefu huku akila kidogo hunyimwa nguvu ambazo mwili unazihitaji ili ukue. Mwili huo, kwa kujihifadhi, huanza kufunga milango. Hedhi huchelewa au hukoma, homoni inayolinda mifupa hupungua, na mifupa hudhoofika katika miaka ileile ambayo ingepaswa kuweka akiba ya madini ya kuitumia maisha yote. Akiba isiyowekwa wakati huo ni vigumu kuirudisha ukubwani. Zaidi ya hayo, ukosefu wa madini ya chuma humletea upungufu wa damu, akawa anachoka bila ya kujua sababu, na jawabu la kocha likawa ni kumwongezea mazoezi. Kukoma kwa hedhi si dalili ya kuwa mwanariadha amekomaa, kama wengine wanavyodhani. Ni kilio cha mwili.

Nitaambiwa kwamba watoto wa Bonde la Ufa wamekimbia kwenda shule tangu zamani, na ndio waliotuletea medali. Ni kweli wapo waliokimbia. Lakini mtoto anayekwenda shule hukimbia akichoka akatembea, husimama kuchuma matunda ya mwitu, hucheza na wenzake, na hakuna anayempima kwa saa wala anayemwahidi safari ya ng'ambo. Hiyo ni mbio ya mtoto. Kumpa mtoto ratiba ya mtu mzima ni jambo jingine kabisa. Hebu tuwaangalie mabingwa wetu wenyewe. Kipchoge Keino aliposhinda dhahabu ya mita 1,500 mjini Mexico mwaka wa 1968 alikuwa na umri wa miaka 28. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka wa 2003 akiwa na miaka 18 tu, na mfano huo huenda ukanipinga. Lakini tazama alivyofanya baadaye: hakuikimbilia marathoni. Alibakia uwanjani kwa miaka mingi, na marathoni yake ya kwanza aliikimbia mwaka wa 2013, akiwa na umri wa miaka 28.

Hata wakuu wa mchezo huu wanalitambua jambo hilo. Kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani haziwaruhusu walio chini ya miaka 20 kushiriki marathoni katika mashindano yake makuu. Katika mbio za nyika za dunia, wavulana walio chini ya umri huo hukimbia kilomita 8 na wasichana kilomita 6. Sasa najiuliza: msichana anayejitayarisha kwa kilomita 6 anazihitajia kilomita 100 za wiki kwa kazi gani?

Jibu tunalijua, japo hatupendi kulitamka. Katika nyumba nyingi miguu ya mtoto imekuwa shamba ambalo familia nzima inatarajia kuvuna. Mzazi maskini anaona karo, nyumba na ng'ombe. Shule inaona vikombe katika ofisi ya mwalimu mkuu. Wakala anaona asilimia yake. Mtoto naye, kwa utiifu, hukimbia kwa niaba ya wote hao. Simlaumu mzazi, maana dhiki haina adabu. Lakini shamba linalolimwa kila msimu bila ya kupumzishwa huchakaa, na mkulima hubaki na mawe.

Sisemi watoto wasikimbie. Kukimbia ni afya, na asiyekimbia kabisa naye ana maradhi yake. Ninachoomba ni kiasi. Madaktari wa michezo hushauri kwamba saa za mazoezi za kijana kwa wiki zisizidi miaka ya umri wake. Kwamba apate siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na miezi kadhaa kila mwaka ya kufanya michezo mingine. Na kwamba masafa yaongezwe kidogo kidogo. Maumivu yanayokaa mahali pamoja kwa zaidi ya wiki moja ni ya kupelekwa hospitali, si ya kukandwa na kusahauliwa. Msichana aulizwe na mwalimu wa kike anayemwamini juu ya chakula chake na hedhi yake, bila ya kumwaibisha. Na nyinyi wanafunzi, kusema kwamba mguu unauma si uvivu.

Nimalizie kwa lugha, ambayo ndiyo kazi yangu. Neno letu zoezi limetokana na kitenzi zoea. Aliyefanya zoezi ni yule ambaye mwili wake umezoea jambo ambalo jana ulikuwa hauliwezi, na kuzoea hakufanyiki kwa siku moja wala kwa fimbo. Zátopek alizoea kwa miaka zaidi ya 10, mwili wake ukiwa umeshajengeka. Anayemlazimisha mtoto abebe leo mzigo ambao mtu mzima aliuzoea kwa miaka hiyo yote hamfanyishi mazoezi, bali anamvunja.

Siku nilipoondoka katika shule ile, msichana yule alikuwa amekaa kwenye nyasi kando ya uwanja, amevua kiatu, akiushika muundi wake, huku akiwatazama wenzake wakizunguka. Baadaye mwanafunzi wangu alinipigia simu kunieleza kwamba alipelekwa hospitali, ikagunduliwa kwamba mfupa una ufa, naye akaamriwa apumzike kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyejua kama angerudi katika kasi yake. Wahenga waliotupa methali ya samaki ndio hao hao waliotuambia kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Walimu wenzangu, tukumbuke zote mbili kabla ya kupuliza kipenga cha alfajiri.